Chakula cha jokofuni kisivunje nyumba wakati wa uhaba

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu watalidhania kuwa dogo. Nalo ni mzozo baina ya mume na mke juu ya chakula kilichokwisha kupikwa, kikagandishwa na kuwekwa katika jokofu ili kije kupashwa moto siku ya haja. Katika siku za neema mzozo huu huishia kwenye utani. Lakini chakula kinapoadimika, bei zikapanda na rafu za maduka zikabaki tupu, utani ule ule hugeuka kuwa kauli nzito. Wapo waume waliofikia kulitaja neno talaka kwa sababu ya pakiti ya biriani ya dukani. Jambo linaloweza kufika huko haliwezi kuitwa dogo.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako zipo familia nyingi za ndugu zetu kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, hususan katika miji ya London na Leicester. Mwezi Machi mwaka 2020, maradhi ya Corona yalipoenea, watu walikimbilia madukani. Ndani ya siku chache unga, mchele, tambi na vyakula vya kugandishwa vilitoweka. Maduka makubwa yakaweka kikomo cha idadi ambayo mteja mmoja angeweza kununua, na yakatenga saa maalumu kwa wazee na wafanyakazi wa hospitali. Majokofu ya kugandishia nayo yakanunuliwa kwa wingi. Tarehe 21 ya mwezi huo, kiongozi wa umoja wa wauzaji wa rejareja wa nchi hiyo alieleza kuwa chakula kilichokuwamo majumbani mwa watu kilizidi cha wiki tatu nyuma kwa thamani ya pauni bilioni moja. Mwezi mmoja baadaye ukaingia mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1441 Hijria. Misikiti ilikuwa imefungwa, hakukuwa na futari ya jamaa, na saumu ilizidi saa 16 kwa siku. Mume, mke na watoto wakabaki nyumbani mchana kutwa, na jokofu likawa katikati yao.

Hapo ndipo maneno yalipoanza katika nyumba nyingi. Mke ambaye ni muuguzi amerudi kutoka zamu ya usiku, akatoa pakiti mbili za wali na nyama zilizogandishwa, akazipasha moto kwa futari. Mume akatazama sahani na kusema, "Mimi sikuoa jokofu." Katika nyumba nyingine mambo yakawa kinyume chake. Mume ndiye aliyeingiwa na hofu, akatumia fedha ya kodi ya nyumba kununua pakiti hamsini za vyakula ambavyo mke wala hakuulizwa kama watoto wanavila. Mke akauliza, "Baba, fedha hizi umezitoa wapi?" Akajibiwa kuwa mwanamke hajui mambo ya dunia. Kila mmoja katika hawa wanne aliamini kuwa haki iko upande wake.

Na tusidhani kuwa haya ni ya Ulaya peke yake. Katika miji yetu, akina mama wengi huanza mwezi wa Shaaban kukunja sambusa, kufinyanga katlesi na kusukuma chapati, wakazigandisha ili wapate nafasi ya ibada ndani ya Ramadhani. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya unga wa ngano na mafuta ya kula, walioingia madukani kuelekea mfungo wa mwaka huo wanakumbuka walivyobabaika. Kwa jirani zetu wa Kenya, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022. Hivyo basi, suala la chakula cha akiba na maelewano ya wanandoa ni letu pia, na yafaa tuulizane: dini yetu inatuelekeza nini?

La kwanza, chakula halali hakidharauliwi. Abu Huraira (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) hakupata kukitia ila chakula hata mara moja. Alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Siku moja aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hapana ila siki. Akaiagiza, akaila na akaisifu. Tuzingatie kuwa hakuuliza kwa nini hakukupikwa, wala hakuwatuhumu wakeze kwa uvivu. Naye Bibi Aisha (RA) alimsimulia mpwa wake Urwa kuwa walikuwa wakiuona mwezi mwandamo mara tatu katika miezi miwili na moto haujakokwa katika nyumba za Mtume. Walipoulizwa waliishi kwa nini, jibu lilikuwa tende na maji, na maziwa ambayo majirani wa Kiansari waliwaletea. Basi kama nyumba bora kuliko zote ilipitisha miezi bila chungu jikoni na mapenzi yakabaki, iweje nyumba zetu zitikisike kwa sababu wali umetoka katika pakiti?

Tena tukumbuke kuwa chakula cha akiba si kigeni kwetu. Wazee wetu wa pwani walikausha papa na kubanika samaki ng'onda wakala miezi baadaye. Wa bara walianika makopa ya muhogo na kuweka mtama ghalani. Hakuna aliyeitwa mke mbaya kwa kupika papa mkavu. Nabii Yusuf (AS) aliwashauri watu wa Misri walime miaka saba, na walichovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, ili kiwafae katika miaka saba ya ukame. Shuke lilihifadhi nafaka ya zama zile, baridi inahifadhi chakula cha zama hizi. Njia zimebadilika na lengo ni lile lile.

La pili, ni jukumu la nani kupika? Hapa waume wengi hujenga hoja juu ya msingi wasioukagua. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, nafaka ya mke ni wajibu wa mume. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika kitabu chake cha Minhaj, ameipima kwa mudi, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani: mwenye wasaa mudi mbili kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Kisha akaeleza kuwa gharama ya kusaga nafaka hiyo na kuioka mkate ni juu ya mume vilevile, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Maana yake ni kwamba kwa mujibu wa madhehebu haya, chakula kilichokwisha tayarishwa ni haki ya mke, na upishi wake ni wema na ihsani anayoifanya. Wapo wanazuoni wengine, akiwamo Ibn Taymiyya, walioona kuwa mke anapaswa kuhudumia nyumba kwa kadiri ya ada ya watu mfano wake. Lakini hata kwa kauli hiyo, ada ya mke anayeshinda nyumbani si ada ya mke anayekesha wodini akihudumia wagonjwa.

Bibi Fatima (RA), binti wa Mtume, alichubuka mikono kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (SAW) hakumpa mtumishi, ila hakuikana taabu yake wala hakumkemea. Aliwaendea usiku yeye na mumewe, akawafundisha wote wawili dhikri ya kusoma wanapolala. Na Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa Sala ulipoingia. Mume anayetamani wali wa nazi uliopikwa siku hiyo hiyo, naye ameshinda nyumbani huku mkewe akiwa kazini, ana mikono miwili. Kukuna nazi hakujapata kumpunguzia mwanamume heshima.

La tatu, na hili linawahusu wanaojaza majokofu, ni kipimo cha akiba. Imesihi kutoka kwa Sayyidna Umar (RA) kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiwawekea watu wake chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo kuweka akiba ya nyumba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amenakili kutoka kwa Qadhi Iyadh maelezo ambayo tungependa kila familia iyazingatie. Chakula kinapokuwa tele sokoni, mtu anaweza kununua cha mwaka. Lakini soko linapobana, hairuhusiwi kununua kiasi cha kuwadhiki Waislamu wenzake. Anunue kisichowaumiza, kama chakula cha siku kadhaa au cha mwezi.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi kauli hiyo ya karne nyingi zilizopita inavyoingia moja kwa moja katika jokofu la leo. Anayekusanya pakiti hamsini mwezi wa neema hana lawama, maadamu hatafuji. Anayezikusanya pakiti hizo hizo siku ambayo rafu ni tupu anamnyang'anya mwenziwe, hata kama amelipa kila senti. Mwezi huo wa Machi 2020 ilienea video ya muuguzi wa wagonjwa mahututi nchini Uingereza aliyetoka kazini baada ya saa 48, akaingia dukani asikute matunda wala mboga, akawaomba watu kwa machozi waache kujilimbikizia. Huyo ndiye aliyekuwa akitarajiwa kuwauguza wao wenyewe. Ndiyo maana Uislamu ukakataza kuhodhi chakula ili kukiuza kwa bei ya juu, na Mtume (SAW) akamhesabu mwenye kufanya hivyo kuwa ni mkosa.

Katika mwaka wa 18 Hijria, Hijazi ilipatwa na njaa iliyoitwa ya mwaka wa Ramada. Sayyidna Umar (RA), akiwa Amirul Muuminina, alijizuia kula samli mpaka watu wote wapate nafuu, akala mafuta ya zeituni hata rangi yake ikabadilika. Hakusema kuwa ghala ni lake. Basi nyumba yenye jokofu lililojaa wakati wa uhaba ijiulize kama mjane wa jirani amekula. Wanazuoni wameeleza kuwa Mtume (SAW) aliweka chakula cha mwaka na bado moto ukakosekana nyumbani kwake, kwa sababu akiba ile iliwafikia wenye haja kabla ya mwaka kuisha. Akiba ya Muislamu ina mlango.

La nne, wanandoa wakague kwa pamoja kilichomo ndani ya pakiti. Uhaba haubadilishi haramu ikawa halali, isipokuwa kwa dharura ya kweli yenye mipaka yake, na kukosa pakiti uliyoizoea si dharura. Kwa ndugu zetu walio ughaibuni, maandishi ya kwenye pakiti yasomwe hadi mwisho. Nyama ilichinjwa vipi? Je, kuna jelatini, na imetokana na mnyama gani? Je, mchuzi umetiwa mvinyo? Uingereza zipo taasisi za kukagua uhalali, kama vile Halal Food Authority iliyoanzishwa mwaka 1994 na Halal Monitoring Committee ya mwaka 2003. Hapa Tanzania BAKWATA hutoa vyeti vya halali. Mume anayekataa chakula kwa sababu ana shaka na uchinjaji wake ana hoja inayostahiki kusikilizwa, na asichanganywe na anayekataa kwa kiburi. Dawa ya shaka ni kusoma na kuuliza kabla ya kununua, kwani ugomvi wa mezani haumfahamishi mtu mnyama alichinjwa vipi.

Afya nayo ni amana. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia vijidudu kuzaliana, lakini haiviui. Kwa hiyo chakula kilichoyeyuka na kupata joto kisirudishwe kugandishwa, na kinachopashwa moto kipashwe hadi katikati yake pafuke mvuke. Hapa Tanzania tulipata mgawo wa umeme mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, na walioweka chakula cha mwezi mzima walijifunza kuwa jokofu bila umeme ni kabati tu. Jokofu la kugandishia lililojaa, likiachwa bila kufunguliwa, huhifadhi baridi kwa muda wa kama saa 48, na lililojaa nusu kama saa 24. Tena vyakula vingi vya dukani vina chumvi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mke anayemwambia mumewe mwenye shinikizo la damu kuwa pakiti hizi zisiwe za kila siku amemtakia mema, naye asimjibu kwa ukali.

La tano ndilo zito zaidi. Tunawanasihi waume wasiitumie talaka kama fimbo ya jikoni. Kauli kama "ukinipakulia tena chakula cha jokofuni, talaka yako" si ya kutamkwa kwa hasira za futari. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wameihesabu kuwa ni talaka iliyofungamanishwa na sharti, na sharti likitimia talaka hupita. Wapo, kama Ibn Taymiyya, walioona kuwa mwenye kukusudia kutisha au kuzuia tu, bila nia ya kuacha, analazimika kafara ya kiapo. Hitilafu hiyo ya wanazuoni isiwe mto wa kulalia. Aliyekwisha kutamka asijitolee fatwa mwenyewe, wala wawili hao wasiendelee kuishi kwa kukisia. Wamwendee Kadhi au mwanachuoni anayeaminika, wamweleze lafudhi yenyewe na nia yake. Hebu mtu afikiri atawaeleza nini wanawe watakapokuja kumuuliza sababu ya kutengana na mama yao. Atataja pakiti ya wali?

Tumalizie kwa njia ya suluhu, nayo ni kushauriana. Katika Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu (SW) ameruhusu wazazi kumwachisha mtoto kunyonya kabla ya muda wake kutimia, endapo wote wawili wameridhiana na kushauriana. Wanazuoni wamezingatia hapo fundisho kubwa: kama chakula cha mtoto mchanga hakiamuliwi na mzazi mmoja peke yake, basi chakula cha nyumba nzima ni hivyo hivyo. Na aya hiyo inawahusu hata waliokwisha kuachana, seuze wanaolala chini ya paa moja.

Kwa hivyo kabla uhaba haujafika, au mara tu dalili zake zinapoonekana, mume na mke wakae pamoja, na watoto wakiwa wamelala. Wahesabu fedha iliyopo, na kodi na ada za shule zitangulie. Wakubaliane ni siku ngapi za wiki watapika na ni siku ngapi watapasha moto, na nani atashika mwiko siku ambayo mwenziwe amechoka. Waandike kinachohitajika kwa siku kadhaa au kwa mwezi, wasivuke hapo soko likiwa limebana. Watenge fungu la jirani. Wakiweza, wapike wenyewe kwa pamoja siku ya mapumziko na kugandisha: maharage, mchuzi wa samaki, nyama iliyochemshwa. Chakula hicho kitakuwa na ladha ya nyumbani ambayo mume anaitamani, na kitampa mke mapumziko anayoyahitaji, na uhalali wake hautakuwa na shaka. Mara nyingi mwenye kulalamikia pakiti anamkumbuka mama yake na meza ya utotoni, na mwenye kununua pakiti anaomba ausikiwe uchovu wake. Wakikaa wakasikilizana, kila mmoja atagundua kuwa mwenziwe hakukusudia kumdharau.

Uhaba huja na kuondoka. Rafu za Uingereza zilijaa tena, mvua zikarejea, na umeme ukarudi. Maneno yaliyosemwa mezani siku za dhiki ndiyo yanayobaki moyoni. Tujitahidi basi yabaki yale ambayo hatutaona haya kuyakuta katika mizani siku ya Kiyama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, chache na nyingi, azijaalie nyumba zetu utulivu na huruma, na atulinde na njaa na chuki. Amin.

Wabillahi Tawfiq.